Madoa ya meno si uchafu, chunga fizi

Msomaji, watu wengi waliolelewa Bahati na kwingineko karibu na mji wa Nakuru wana meno yenye madoa ya rangi ya kahawia. Wageni hudhani hawapigi mswaki. Wenyewe, kwa kuona haya, hucheka huku wamefunika mdomo kwa mkono. Wako wanaoyasugua kwa mchanga au makaa ili yawe meupe, na wako waliokata tamaa wakauacha mswaki kabisa. Wote wanajidhuru.

Madoa hayo yanatokana na maji. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji ya chini ya ardhi yakipita humo huchukua madini yaitwayo floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, lakini visima vingi vya bonde hili hupita kiwango hicho. Mtoto akinywa maji hayo kabla ya kufika miaka 8 hivi, wakati meno ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa. Hata ukisugua hadi ufizi utoke damu, hayatoki. Mchanga utamaliza tu tabaka gumu linalolinda jino.

Jambo la kuhofia zaidi ni ugonjwa wa fizi. Kila siku vijidudu hujenga utando laini pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa hugeuka ukoga mgumu ambao mswaki hauuwezi. Ufizi huvimba na kutoka damu, kisha mfupa unaoshika jino hulika, na jino likalegea.

Madhara hayaishii mdomoni. Kwa mwenye kisukari, fizi zilizovimba hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, na sukari ikipanda fizi nazo huzidi kuugua. Aidha, vijidudu huweza kuingia katika damu kupitia fizi hizo. Mwenye afya njema huviua upesi. Lakini mtu ambaye vali za moyo wake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni yumo hatarini, kwani vijidudu vikijishikiza hapo huleta ugonjwa unaoweza kuua. Ikiwa una tatizo hilo, mweleze daktari wa meno kabla hajakung'oa jino.

Kwa hivyo ufanye nini? Piga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa ni kabla ya kulala, kwa muda wa dakika mbili. Tumia mswaki laini na ufikie upande wa ndani pia. Mswaki wa mti nao hufaa ukitumiwa kwa uangalifu. Punguza sukari na uache sigara.

Mtu mzima asiogope dawa ya meno yenye floraidi, kwani meno yaliyokwisha kuota hayapati madoa hayo, na dawa hiyo huzuia kuoza. Mtoto chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya minji. Afundishwe kutema.

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi hubaki ile ile. Uji na maji ya mtoto yatokane na maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, au yapitishwe katika chujio la mifupa iliyochomwa, kama yale yaliyotengenezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru. Kumbuka mifupa hiyo huchoka na lazima ibadilishwe.

Fizi zikiendelea kutoka damu kwa wiki mbili licha ya kupiga mswaki vizuri, mwone daktari wa meno. Usingoje maumivu, kwa maana ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi hadi jino limeanza kulegea. Ukiwa huko, muulize pia kuhusu madoa yako. Anazo njia za kuyafifisha au kuyafunika bila kuliumiza jino.