Laptopu Ikiganda, Mfanyakazi Asihukumiwe Kabla ya Uchunguzi



Katika maduka ya huduma ya Nyamirambo, Biryogo na Kimironko, laptopu ndiyo jembe la mfanyakazi. Kwa laptopu barua huchapwa, hati hutolewa nakala, na wananchi hujaziwa maombi ya vyeti kwa njia ya Irembo, mtandao wa huduma za serikali uliofunguliwa mwaka 2015. Wengi wetu katika maduka hayo hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Mashine ikisimama saa mbili, malipo ya saa mbili yamekwenda.

Waajiri kadhaa wameweka Linux, hasa ile iitwayo Ubuntu, katika mashine zao kuukuu. Sababu inaeleweka. Linux haina ada ya leseni, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, hali mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Wala Linux si ngeni Rwanda. Laptopu ndogo za XO walizopewa watoto wa shule za msingi kuanzia mwaka 2008, katika mradi wa One Laptop per Child, zilitumia Linux.

Lakini yametufikia malalamiko ya namna moja. Jioni mfumo unapandishwa toleo, na asubuhi laptopu inaanza kuganda. Mshale hausogei, herufi hazitoki, na mteja amesimama mezani. Mwajiri anasema: "Wewe umeiharibu." Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kulipia diski mpya. Diski ikawekwa, na wiki ile ile laptopu ikaganda tena. Basi diski haikuwa na kosa, na mwenzetu pia hakuwa na kosa. Fedha yake hata hivyo ilikwisha kwenda.

Chanzo ni nini?

Sehemu ya ndani kabisa ya Linux huitwa keneli. Hiyo ndiyo inayoiamuru prosesa, kumbukumbu, diski na kioo. Mfumo ukipandishwa toleo, keneli nayo hubadilika. Ubuntu 22.04 ya Aprili 2022 ilitoka na keneli 5.15, Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024 ilitoka na keneli 6.8. Keneli mpya huja na draiva mpya, na draiva mpya huenda isipatane na mashine ya zamani.

Tutoe mfano unaojulikana. Prosesa za Intel za jamii ya Bay Trail zilitiwa katika laptopu nyingi za bei nafuu. Mwaka 2015 watumiaji wa Linux katika nchi mbalimbali walieleza kwamba mashine hizo ziliganda ghafla. Ilionekana kwamba tatizo lilihusu usingizi mzito wa prosesa inapokuwa haina kazi. Dawa ya muda ilikuwa kuongeza agizo moja wakati wa kuwasha, intel_idle.max_cstate=1, ili prosesa isilale mno. Hakuna karani aliyesababisha ugonjwa huo kwa vidole vyake.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisheni kwamba mashine imeganda kweli. Subirini dakika mbili au tatu. Kisha bonyezeni Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Likitokea dirisha jeusi la maandishi, mfumo ungali hai, na shida huenda iko upande wa picha tu.

Pili, msikimbilie kitufe cha umeme. Shikeni Alt na PrtSc (laptopu nyingine hutaka Fn pia), kisha bonyezeni S, halafu U, halafu B, mkitua kidogo kila mara. S huamuru yaliyokuwa njiani yaandikwe katika diski, U huizuia diski isiandikwe tena, na B huiwasha mashine upya. Barua ambayo haikuhifadhiwa haitaokoka. Kwa hiyo hifadhini kazi kila baada ya ukurasa.

Tatu, jaribuni keneli ya zamani. Kwa kawaida Ubuntu huiacha keneli iliyotangulia. Wakati wa kuwasha, bonyezeni Esc, au mshike Shift katika mashine za zamani zaidi, mpaka orodha itokee. Ingieni katika chaguo za ziada, mchague namba ndogo zaidi. Ikiwa mashine iliyokuwa ikiganda kila saa itafanya kazi siku nzima, mmekwisha kupata ushahidi mzito dhidi ya keneli mpya.

Nne, someni kumbukumbu za mfumo. Katika dirisha la amri andikeni journalctl -b -1, mwende mwisho kabisa. Hapo huonekana matukio ya mwisho kabla ya kuzimika. Amri df -h huonyesha kama diski imejaa, na free -h huonyesha hali ya kumbukumbu. Pigeni picha kwa simu.

Tano, ikiwa keneli ya zamani nayo inaganda, ndipo tutazame vumbi, joto, na kumbukumbu yenyewe. Hapo fundi aitwe, tena apewe maelezo yote hayo mkononi.

Daftari ni shahidi

Tunawashauri wenzetu kila duka liwe na daftari moja. Andikeni tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, na namba ya keneli ambayo hutolewa na amri uname -r. Andikeni pia nani aliamuru mfumo upandishwe, na lini.

Kwa upande wa waajiri, hatudai makubwa. Mafaili yatolewe nakala kabla ya kupandisha toleo. Kazi hiyo isifanywe siku yenye wateja wengi. Mashine moja ibaki na mfumo wa zamani mpaka ule mpya uthibitike. Na gharama ya chombo cha kazi isitupwe juu ya mshahara wa mfanyakazi kwa dhana tu.

Ugomvi ukitokea, Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda imeonyesha njia. Suala huanzia kwa mwakilishi wa wafanyakazi ili litafutiwe suluhu. Ikishindikana, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi, iwe Nyarugenge, Gasabo au Kicukiro. Mfanyakazi anayefika huko na daftari lililoandikwa vizuri husikilizwa tofauti na yule anayefika na maneno matupu.

Basi tuanze daftari hilo wiki hii, laptopu zikiwa bado nzima.