Mteja anayetoka jasho jingi: usimuuzie harufu, muuzie kinachokausha



Kama unauza vipodozi kwenye status ya WhatsApp au Instagram, meseji hii unaijua: "Dada, natoka jasho sana kwapani, una roloni gani nzuri?" Wauzaji wengi wanajibu kwa picha tatu na bei. Mteja anachagua yenye chupa nzuri, analipa, mzigo unaenda. Baada ya wiki anarudi: "Dada, mbona haifanyi kazi? Nguo bado inaloa chapachapa."

Hapo mara nyingi chupa si feki na mteja si mkorofi. Ameuziwa kitu cha kuzuia harufu wakati shida yake ni maji. Na huyu ni mtu ambaye ameshamaliza hela kwenye chupa zisizomsaidia, haguswi na shati la kijivu, na kunyanyua mkono kushika bomba la daladala kwake ni aibu. Ukimpatia kinachofanya kazi, hahami kwako. Ukimkosea, halaumu roloni, analaumu duka lako.

Basi tuelewane vizuri kuhusu bidhaa hii.

1. HARUFU NA JASHO NI VITU VIWILI

Jasho likitoka tu halina harufu kali. Bakteria walio kwenye ngozi ndio wanaolivunja na kuleta kikwapa. Kwa hiyo sokoni kuna bidhaa za aina mbili, na mara nyingi zinafanana chupa.

Iliyoandikwa "Deodorant" peke yake inapambana na bakteria na kuweka manukato. Jasho linaendelea kutoka kama kawaida.

Iliyoandikwa "Antiperspirant" au "Anti-perspirant" ina chumvi za alumini. Zikikutana na jasho zinatengeneza ute unaoziba kwa muda midomo ya vijitundu vya jasho, na maji yanayofika juu ya ngozi yanapungua.

Yanapungua, hayaishi. Kwa kanuni za Marekani, bidhaa ya aina hii inatakiwa kupunguza jasho kwa angalau asilimia 20, na inayojitangaza kuwa ya nguvu zaidi angalau asilimia 30. Kwa hiyo usimwandikie mteja "utakauka kabisa". Mwandikie "jasho litapungua", hiyo utaweza kuisimamia.

2. GEUZA CHUPA, SOMA NYUMA

Jina la kampuni halitoshi. Nivea, kwa mfano, wanazo zinazozuia jasho na wanazo zilizoandikwa "0% Aluminium", ambazo ni za harufu tu. Ukiagiza kwa kusema "niletee Nivea za buluu dazeni mbili", unaweza kuletewa yoyote. Maandishi ya "48h" au "72h" nayo yasikudanganye, yanawekwa hata kwenye zile za harufu.

Kwenye orodha ya viambato tafuta haya:

- "Aluminum Chlorohydrate": ya kawaida, inamfaa mwenye jasho la wastani.
- "Aluminum Zirconium" ikifuatiwa na maneno marefu: iko sana kwenye stiki, na mara nyingi ndiyo inayotumika kwenye zile zilizoandikwa "Clinical".
- "Aluminum Chloride": kali zaidi, ya mwenye jasho jingi kweli. Driclor ni mfano wake, ina asilimia 20 ya kiambato hiki. Hii ndiyo inayowasha zaidi ngozi.

Chupa za kutoka Marekani huandika asilimia ya kiambato kwa nyuma, kwa hiyo ni rahisi kulinganisha. Ikiwa hakuna neno lolote la alumini, hiyo si ya kuzuia jasho, hata kama imeandikwa "Dry" kwa herufi kubwa.

3. ANZA CHINI, PANDA NGAZI

Usimrushie kila mteja ile kali kwa sababu ina faida kubwa. Muulize maswali matatu kwanza: Shida ni harufu, maji, au vyote? Ameshatumia nini, na alipaka saa ngapi? Ngozi yake inawashwa haraka, au ana kidonda au vipele?

Mwenye harufu tu, ya deodorant inamtosha. Mwenye maji ya wastani, anza na Chlorohydrate. Aliyeitumia vizuri kwa wiki mbili bila nafuu, mpandishe kwenye "Clinical", halafu ndiyo ile ya Chloride. Anayetokwa na jasho viganjani au nyayoni, roloni ya kawaida ya kwapa mara nyingi haimsaidii sana, huyo anahitaji kali zaidi na ni vizuri aongee na mfamasia.

Umbo la chupa nalo lina maana. Roloni na stiki zinashika vizuri kwenye ngozi. Spray inakauka haraka, ila nyingine inapotelea hewani. Kwa mwenye jasho jingi, mpe inayopakwa moja kwa moja.

4. SIRI IKO USIKU

Hapa ndipo wateja wengi wanapokosea. Wanaoga asubuhi, wanapaka kwapa likiwa na unyevu, wanavaa na kutoka. Jasho la njiani linaiosha kabla haijashika.

Usiku jasho hupungua, kwa hiyo dawa inapata nafasi ya kuingia kwenye vijitundu na kuziba. Ukioga asubuhi unaosha mabaki ya juu, ule ute wa ndani unabaki.

Unaweza kunakili meseji hii umtumie kila anayenunua:

"Asante kwa kununua. Paka usiku kabla ya kulala, kwapa likiwa safi na kavu kabisa. Paka kidogo, acha ikauke ndipo uvae. Asubuhi oga kama kawaida. Ukinyoa, subiri siku moja au mbili ndipo upake. Usipake kwenye kidonda au vipele. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki moja hadi mbili, jasho likipungua utapaka mara moja au mbili kwa wiki. Ikiwasha sana, acha na uniambie."

Sehemu ya mwisho, ya kupunguza siku za kupaka, ni ya zile kali. Nyepesi anaweza kuendelea nazo kila siku. Na neno "kavu" lisisitize, maana alumini kloridi ikikutana na maji inatengeneza asidi kidogo. Ndiyo inayounguza ngozi na kula nguo.

5. MASWALI YATAKAYOKUJA

"Ndimu je?" Inapunguza harufu kwa muda, haizuii jasho. Inaunguza ngozi, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kutoka malengelenge na madoa meusi.

"Na shabu?" Shabu inasaidia harufu. Ina alumini, ila kwa jasho jingi nguvu yake ni ndogo. Kwenye vijiwe vya dukani inaandikwa "Potassium Alum".

"Nguo zangu zinapata madoa ya njano." Mchanganyiko wa jasho na alumini ndio unaoleta madoa hayo. Apake kidogo, aache ikauke kabla ya kuvaa, na nguo ifuliwe mapema.

"Haileti saratani?" Chama cha Saratani cha Marekani kinasema hakuna utafiti wenye nguvu uliounganisha bidhaa hizi na saratani ya matiti. Ila mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza, onyo hilo liko hata kwenye chupa za Marekani.

6. WAKATI WA KUTOUZA

Kuna jasho ambalo si la roloni. Mteja akikwambia analoa usiku hadi shuka, tena anakohoa, ana homa au anapungua mwili, mwambie aende hospitali, hizo ni dalili za kifua kikuu. Vivyo hivyo kama jasho limeanza ghafla mwili mzima, moyo unamwenda mbio, au limeanza baada ya kuanza dawa mpya. Mwenye kisukari anayetokwa na jasho la baridi huku anatetemeka, huenda sukari imeshuka, asaidiwe haraka.

Utapoteza mauzo ya chupa moja. Mteja atakumbuka ni nani aliyemwambia ukweli.

7. LINDA MZIGO WAKO

Kwa Tanzania, vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, kwa hiyo hakikisha unachouza kimesajiliwa. Angalia tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo na kama mfuniko haujafunguliwa. Usihamishie dawa kwenye vichupa visivyo na lebo, mteja akiungua hamtajua alipaka nini. Na usiweke mzigo juani.

Kazi ya leo: toa roloni zote ulizonazo, zigeuze, zigawe mafungu mawili, za harufu na za jasho. Kisha rekebisha maelezo kwenye katalogi yako. Picha piga mbele na nyuma, ili mteja naye asome.

Biashara njema.