Jembe na Daftari: Kazi ya Wanafunzi kwa Faida ya Watu wa Kartie

Wenzangu wapenzi, wengi wenu mtatumwa kesho kufundisha au kuongoza shule za sekondari. Sharti basi tuulizane jambo moja: mwanafunzi wa inchi yetu akipewa jembe shuleni, anapewa kwa sababu gani? Mara nyingi jibu ni hili: amechelewa, amepiga kelele, hakujua somo lake. Jembe ni azabu. Yule aliyeshika masomo vizuri anakaa kivulini na kuwatazama wenzake wakilima. Kisha siku moja tunamwambia, "Haya, chukua jembe, twende kuwasaidia watu wa kartie," nasi tunashangaa kuona amekunja uso!

Wazee nao wana sababu zao. Wakati wa Wabelgiji, tangu 1917, sheria iliwalazimisha watu wa vijijini kulima mimea iliyoamriwa na serkali, hata siku 60 kwa mwaka. 1942, wakati wa vita, zikafika siku 120. Na kazi hizo ziliitwa kwa jina zuri: kazi za kuelimisha. Baadaye, wakati wa Zaire, ikaja salongo. Sisemi kwamba salongo haikusafisha barabara, ilisafisha. Lakini wengi walikuja kwa kuogopa, na asiyeogopa alijificha. Kwa hiyo mzee akiwaona wanafunzi wanashuka na majembe, akauliza, "Ni salongo tena?", msimkasirikie.

Kazi ninayosema hapa ni nyingine. Mwanafunzi ajue kwa nini anaifanya, na watu wa mahali pale wawe wameulizwa kwanza. Nitachukua mfano wa Bukavu.

Mji umejengwa juu ya milima, pembeni ya ziwa Kivu. Ziwa hilo liko karibu metri 1.460 juu ya bahari, na Tanganyika metri 770 hivi. Maji yanashuka toka ziwa moja mpaka lingine kwa mto Ruzizi, na nguvu ya kushuka huko ndiyo inayozungusha mashini za umeme za Ruzizi I, karibu kabisa na mji, zilizoanza kazi mwisho wa miaka ya 1950, na za Ruzizi II, za 1989. Sasa mfuateni sashe moja ya plastiki. Mama amenunua chumvi sokoni Kadutu. Sashe anaitupa katika mfereji, kwa maana hakuonyeshwa mahali pengine pa kuitupa. Mvua inaanguka. Mfereji unaingia mto Kawa, Kawa inaingia ziwani, na maji yanaisukuma sashe polepole mpaka pale Ruzizi inapotokea. Huko inakutana na wenzake wengi, pamoja na chupa, mbele ya vyuma vinavyochuja maji ya mashini. Wafanyakazi wanatoa takataka, kesho zimejaa tena. Zikizidi, mashini inasimama au inaharibika. Umeme unakatika, na mama yule yule ananunua makala apate kupika.

Makala yanatoka wapi? Mlimani. Kilo 100 za kuni kavu katika tanuru la udongo zinaleta makala kilo 10 mpaka 20 hivi. Nyingine zote zimekwenda kwa moshi. Mlima ukikosa miti, mvua inabeba udongo, na udongo unaziba mfereji ule ule wa sashe.

Jiografia, fizika, kemia, hesabu: yote yamo katika sashe moja. Mwanafunzi aliyepima kwa mizani takataka za mfereji mmoja, juma kwa juma, akaziandika, hahitaji hotuba. Mwisho wa 2017 serkali ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki. Sashe hazikutoka sokoni kwa sababu hiyo. Nasi mapadri tumesoma barua ya Papa Fransisko, Laudato si', ya 2015. Tumeihubiri pia, na baada ya Misa kiwanja kimejaa chupa za plastiki.

Lakini kujua sababu hakutoshi. Mimi mwenyewe nilikosa. Miaka michache iliyopita, katika shule moja nisiyoitaja, nilipeleka wanafunzi 60 kupanda kalitusi juu ya mteremko. Tuliimba, tulipigwa picha, tukarudi. Ulikuwa mwezi wa tano. Nani kwetu asiyejua kwamba kiangazi kinashika kuanzia mwezi wa sita, na mvua zinarudi mwezi wa tisa? Nilijua, ila nilitaka sherehe iishe kabla ya mitihani. Mbuzi walikula nyingine, jua likamaliza zilizobaki. Mama mwenye shamba la chini akaniambia: "Padri wangu, ungeniuliza, ningekuambia. Kalitusi inakunywa maji ya maharagwe yangu. Mimi nahitaji majani ya sungura, yale yanayoshika udongo."

Mwezi wa tisa tukarudi, safari hii wanafunzi 12 tu, bila picha. Mama alituonyesha mahali maji yanapopita. Tukatengeneza kipimo cha miti mitatu: miguu miwili yenye urefu mmoja, imefungwa juu, na mti wa tatu kati yao kama herufi A, toka juu inaning'inia kamba yenye jiwe. Unakisimamisha chini, unatia alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Unakigeuza, mguu huu mahali pa ule, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba itakaposimama miguu yote ikiwa sawasawa. Hivyo unatembea kwenye mteremko, hatua kwa hatua, ukifuata mstari usiopanda wala kushuka. Juu ya mstari huo unachimba mfereji mdogo na kupanda majani. Maji ya mvua yanafika pale, yanapoteza mbio, yanaacha udongo wake. Kijana mmoja aliyekuwa wa mwisho katika jiometri ndiye aliyewafundisha wengine kukitumia. Wale wa kwanza darasani walibishana sana juu ya pembe na hawakuchimba kitu.

Yako magumu mawili. Moja ni mapumziko makubwa: wanafunzi wanatawanyika wakati wa jua kali, na majani mapya hayajui kalenda ya shule. Tuliwagawia wale wanaokaa karibu zamu za kwenda kutazama, na mama akakubali kukata majani yaliyokwisha kushika tu. La pili ni wale wa mwaka wa mwisho, ambao wanaondoka na habari zote kichwani. Kwa hiyo kuna daftari, linalokaa shuleni, nao wadogo wanalipokea mwezi wa tisa. Yaandikwe ndani yake pia yaliyoharibika. Ukurasa wa mwezi wa saba una mistari hii, kwa mwandiko wa yule kijana wa jiometri: "Mistari mitatu imeshika. Mama amekata majani mara mbili. Mstari wa nne mvua iliubeba, sababu tulipima jiwe likiwa linacheza kwa upepo. Tutapima tena asubuhi."