Kalibu ya Risasi: Umbo la Kichwa na Koo la Silaha

Neno risasi katika Kiswahili limetwikwa mizigo mitatu. Kwanza, ni jina la madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu; maana hiyo ndiyo lililokuja nayo kutoka Kiarabu. Pili, ni kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Tatu, katika mazungumzo ya kila siku, ni kitu kizima: ganda la shaba, fataki, baruti na kipande hicho kwa pamoja. Msomaji wa gazeti hasumbuliwi na utata huu kwani muktadha humtosheleza. Anayetaka kueleza jinsi risasi inavyotengenezwa, hata hivyo, hujikuta akisema kwamba risasi huyeyushwa ili kupata risasi ya kutia katika risasi. Kwa hiyo makala haya yatatumia "madini ya risasi" kwa maana ya kwanza, "kichwa" kwa ya pili, na "risasi" kwa ya tatu. Maneno mengine tunayoyahitaji tunayo tangu jadi: kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina yapate umbo; na kalibu, kile chombo kinachotoa umbo hilo.

Nchini Marekani, wenye silaha wengi husubu vichwa vyao wenyewe nyumbani. Kalibu zao ni vipande viwili vya chuma, alumini au shaba ya manjano, vilivyochongwa uvungu katikati na kutiwa mikono kama koleo. Maumbo yanayouzwa ni mengi mno, na anayeanza huvutiwa na umbo lenye sifa kubwa. Hapo ndipo kosa huanzia. Kalibu haina budi kuchaguliwa baada ya silaha kupimwa, hasa silaha inapokuwa ya risasi za magnum, zenye shinikizo na kasi kubwa kuliko risasi za bastola zilizozitangulia.

Umbo lenye sifa kubwa kuliko yote ni lile la Elmer Keith (1899–1984), mfugaji na mwandishi wa jimbo la Idaho. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alibuni kichwa ambacho kampuni ya Lyman ilikipa nambari 429421. Nambari hiyo husomwa kwa mafungu: 429 ni kipenyo katika elfu za inchi, na 421 ni nambari ya umbo. Kichwa hiki kina uzito wa takriban gramu 16. Ncha yake ni bapa, mabega yake ni makali, na kiwiliwili kina pete tatu pana. Kati ya pete hizo mna mfuo wa kubebea mafuta mazito, na mwingine ambamo mdomo wa ganda hubanwa. Mfuo huo wa pili si pambo. Rivolva inaporuka mkononi, vichwa vya risasi zilizosalia hutaka kuchomoka magandani; kimoja kikijitokeza mbele, silinda haizunguki tena. Risasi ya .44 Magnum ilipotokea mwaka wa 1955, kalibu ya Keith ilikuwa tayari ikiingoja.

Je, inafaa kila rivolva? Kila chumba cha silinda huishia kwenye koo, na kichwa hupita kooni kabla ya kuingia mtutuni. Kikiwa chembamba kuliko koo, gesi ya moto hupenya ubavuni, huyayeyusha madini na kuyapaka ndani ya mtutu. Shabaha hupotea baada ya milio michache, na kuusafisha mtutu huo ni adhabu. Ndiyo maana wajuzi hupima koo kwanza, kisha hutafuta kalibu inayotoa kichwa kinacholingana nalo. Urefu nao una hukumu yake. Kichwa kingine cha Keith, 358429, kina ncha ndefu kiasi kwamba kikibanwa kwenye mfuo wake katika ganda la .357 Magnum, risasi hujitokeza mbele ya silinda ya Smith & Wesson Model 27. Wengi hukitia katika ganda fupi la .38 Special. Umbo ni lile lile lililosifiwa. Silaha ndiyo iliyolikataa.

Tofauti huzidi tunapofika kwenye bunduki. Marlin 1894, bunduki ya wenzo, hupiga .44 Magnum ile ile, na mwenye silaha zote mbili hutamani kalibu moja izitosheleze. Bunduki hii hupanga risasi zake katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha iliyochongoka inaweza kuilipua fataki hiyo, kwa hiyo ncha bapa ni sharti la usalama. Lakini mabega makali ya Keith, yasiyo na kasoro katika rivolva, yaweza kukwama risasi inapopandishwa chumbani. Kichwa kinachopungua polepole kuelekea ncha bapa hupita kwa urahisi zaidi. Tena, mifuo ya ndani ya mtutu wa Marlin hukamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 38, ilhali rivolva ya Smith & Wesson hukamilisha kwa inchi 20. Mzunguko huo wa polepole mara nyingi hushindwa kuvituliza vichwa virefu vya gramu 19 na zaidi, navyo huyumba hewani.

Kasi katika bunduki hupita mita 500 kwa sekunde, na hapo kitako cha kichwa huhitaji kinga. Ray Thompson alibuni kalibu za vichwa vyenye kitako kilichopunguzwa ili kuvikwa kikombe kidogo cha shaba: 358156 kwa .357, na 429244 kwa .44. Keith hakukipenda kikombe hicho. Kwa rivolva alikuwa na hoja. Kwa bunduki, naona Thompson alimshinda.

Hata kalibu iliyochaguliwa vyema hubadilika tabia kwa mchanganyiko wa madini. Antimoni ikiongezeka, kichwa hutoka kigumu, kipana na chepesi kidogo. Wapenzi wa vitabu watavutiwa kujua kwamba mchanganyiko mgumu unaopendwa ni ule wa mitambo ya chapa ya Linotype: asilimia 84 madini ya risasi, 12 antimoni na 4 bati. Magazeti yalipoiacha mitambo hiyo, madini ya herufi yaliishia katika vyungu vya kusubia.

Madini ya risasi ni sumu, kwa anayeyasubu na kwa viumbe wengine. Huko California, ndege wakubwa waitwao kondori walikuwa wakifa kwa kula mabaki ya wanyama waliopigwa. Tangu tarehe 1 Julai 2019, jimbo hilo limepiga marufuku uwindaji kwa risasi za madini hayo. Shaba nyekundu, inayotumiwa badala yake, huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, ilhali madini ya risasi huyeyuka kwenye 327. Haimiminwi katika kalibu hizi za nyumbani; kwa hiyo kalibu ya mwindaji wa California, hata ikilingana barabara na koo la bunduki yake, imebaki kuwa ya mazoezi ya shabaha tu.