Ziwa Lisilo na Mto wa Kutokea

Hapa Singida Mjini tuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Mgeni mwenye kiu akiyaonja maji yake, atayatema. Yana chumvi. Chumvi hiyo imetoka wapi, na bahari iko mbali nasi, huko Tanga na Dar es Salaam?

Sababu ni ile ile iliyoitia bahari chumvi. Mvua ikinyesha, maji hupita juu ya mawe na udongo. Huchukua chumvi kidogo sana, hata ulimi hauitambui. Mito huipeleka baharini. Kisha jua huyageuza maji kuwa mvuke, nayo hupanda angani. Chumvi haipandi. Chemsha maji ya chumvi katika sufuria mpaka yakauke, utaona kinachobaki.

Maziwa yetu ni kama bahari ndogo. Wakati wa mvua vijito huingia, lakini hakuna mto unaotoka. Kinachoingia hubaki.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, ni chumvi tu inayoingia? Mtu akilima mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo wa shamba lake. Udongo hutulia chini, na kina cha ziwa hupungua. Taka za mjini na dawa za kunyunyizia mboga huingia pia.

Kwa hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na nyingine zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Hizo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Wenye bustani huiona sheria hii kali, maana udongo wa ukingoni una unyevu hata kiangazi. Hilo ni kweli. Lakini ni udongo huo huo unaoingia ziwani kila mvua.

Tazama na samaki. Perege dume huchimba kiota kwenye maji mafupi karibu na ukingo. Jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Kokoro huburutwa papo hapo. Huvunja viota na kuzoa vifaranga ambao hawatoshi hata mboga ya mtu mmoja. Wavu wa macho makubwa huwaacha wadogo wapite, wakue na kuzaa. Perege wa Singidani wakiisha, hakuna mto utakaotuletea wengine kutoka Ziwa Viktoria.