Jumamosi Jioni: Televisheni ya Biashara Yatafuta Mchezo Mpya

Jumamosi jioni, kazi za shamba zikiwa zimekwisha na watoto wameoga, kila nyumba hutafuta jambo la kuichangamsha. Kwetu pengine ni redio, pengine hadithi ya bibi. Kwa Waingereza, kwa miaka mingi, jambo hilo lilikuwa televisheni. Wazee kwa watoto waliketi pamoja, wakatazama mchezo mmoja, na kesho yake wakauzungumza. Lakini siku hizi wenye televisheni ya biashara huko wanahangaika. Michezo ya zamani imechoka, na mipya mingi haishiki. Yafaa tujue sababu, maana jambo hili latugusa hata sisi.

Kwanza tueleze televisheni ya biashara ni nini. Hadi mwaka 1955 Waingereza walikuwa na televisheni ya BBC peke yake, ambayo huendeshwa kwa ada inayolipwa na nyumba zenye televisheni. Tarehe 22 Septemba mwaka ule ikaanza ITV. (Msomaji asidhani ni ITV ya Dar es Salaam, hizi ni mbili mbalimbali.) Hii ya Uingereza ilianzishwa iishi kwa matangazo ya wafanyabiashara, na tangazo lake la kwanza kabisa lilikuwa la dawa ya meno. Mfanyabiashara halipi kwa kuwa anapenda nyimbo. Alipa kwa sababu watu wamekusanyika mahali pamoja, nao watasikia habari za sabuni yake. Wakiwa wengi, alipa sana; wakipungua, afunga mkoba.

Wakubwa wa ITV walilijua neno hilo tangu mwanzo. Baada ya siku tatu tu, Jumapili tarehe 25 Septemba, walianza kuonyesha tamasha la nyimbo na vichekesho kutoka jumba la London Palladium, nalo likapata sifa kubwa. Baadaye ilikuja michezo mingine ya mwisho wa juma. Mmoja ulikuwa Gladiators, ulioanza mwaka 1992, ambamo watu wa kawaida walishindana nguvu na mashujaa wenye misuli. Mwaka 2004 yakaja mashindano ya waimbaji yaitwayo The X Factor. Fainali ya mwaka 2010 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 17. Fikirini, watu wote hao kwa saa moja!

Hata hivyo kila kitu kina wakati wake. The X Factor ilipungukiwa na watazamaji mwaka hata mwaka, na mashindano yake ya kawaida yakaisha mwaka 2018. Mwezi wa Aprili 2024 mchezo mwingine wa Jumamosi, ule wa watani wawili Ant na Dec, nao ukafungwa.

Je, kwa nini ni vigumu kupata mchezo mpya? Sababu ya kwanza ni gharama. Mchezo mkubwa wahitaji ukumbi, taa, wapiga muziki, mafundi na waongozaji wenye jina. Fedha hutoka kabla mtu hajajua kama watu watapenda. Ndiyo maana wengi huogopa, wakanunua mchezo uliokwisha kufaulu nchi nyingine. Mchezo wa waimbaji wanaoficha nyuso, The Masked Singer, ambao ITV iliuanza mwaka 2020 na watu wakaupenda, asili yake ni Korea ya Kusini. Wengine hufufua ya kale: Gladiators ilirudi mwaka 2024, tena safari hii katika BBC.

Sababu ya pili ni kwamba fedha pekee haivuti moyo. Mwaka 2011 ITV ilianza mchezo uitwao Red or Black?, wenye zawadi ya pauni milioni moja. Mwishoni gurudumu lilizungushwa, na mshindi alipatikana kwa kubahatisha tu, rangi nyekundu au nyeusi. Mwaka 2012 ulirudi mara ya pili, kisha ukakoma. Kamari ni kamari, hata ikipambwa kwa taa.

Linganisheni na Bibi Susan Boyle wa kijiji cha Blackburn huko Uskoti, Mkatoliki mwenzetu. Mwaka 2009 alipanda jukwaani katika Britain's Got Talent, akasema ana miaka 47, na ukumbi ukamcheka. Alipofungua kinywa kuimba, waliocheka wakasimama kumshangilia. Hakuwa mshindi; alikuwa wa pili, nyuma ya kundi la wachezaji ngoma. Lakini dunia ilimjua. Mwaka 2010 aliimba huko Glasgow katika ziara ya Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita. Mambo ya namna hii hayaagizwi kwa barua wala hayanunuliwi. Sauti ile ilikuwapo siku zote nyumbani kwake, miongoni mwa jirani zake.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Familia yenyewe imetawanyika. Baba atazama mpira chumbani, mama atazama Netflix, vijana wameinamia YouTube kila mmoja na simu yake. Hata mchezo uwe mzuri namna gani, utawakusanyaje watu ambao hawaketi pamoja?

Hapo ndipo tunapoguswa sisi. Simu zimefika vijijini mwetu, na nyumba nyingine jioni ni kimya, kila mtoto na pembe yake. Kampuni yenye mali nyingi na mafundi hodari imeshindwa kuirudisha familia sebuleni. Basi tusiiachie kampuni yoyote kazi hiyo. Wazazi, Jumamosi hii baada ya chakula na Rozari, wekeni simu rafuni kwa saa moja. Mwambieni mtoto aimbe wimbo aliofundishwa shuleni, na bibi atoe hadithi. Ikiwa mko na televisheni, chagueni jambo moja jema mlitazame wote, kisha mlizungumze. Huenda mkakuta ndani ya nyumba yenu sauti ambayo hamjapata kuisikiliza.