Viraka vya Vitenge na Baridi ya Uluguru

Wengi huanza cherehani kwa shida ndogo za nyumbani: suruali ndefu ya mtoto, zipu iliyokufa, pazia lisilofika chini. Kisha baadhi yao huanza kuokota vipande. Kwenye mabaraza ya mafundi mjini Morogoro mabaki ya vitenge na khanga hayakosekani, na mtu anayeshona kwa kujifurahisha akishaona pembetatu mbili za rangi tofauti zikiungana kuwa mraba, hatosheki tena. Anataka kuunga uso mzima wa viraka, aweke kijazio katikati, atie kitambaa cha mgongo, apitishe mishono juu yake mpaka upatikane mfarishi wa kujifunika.

Hamu hiyo ina maelezo. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, ambaye kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1990, alichunguza hali ya kuzama katika kazi hadi mtu asahau saa. Hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtendaji, lengo likiwa wazi na jibu likija papo hapo. Gauni huchelewa kujibu. Unaweza kushona kutwa kabla ya kujua kama kola imekaa. Viraka viwili hujibu mara moja. Unafungua mshono, unapiga pasi, unatazama: kona zimekutana au hazikukutana. Zisipokutana, unafumua sentimita 10 tu na kurudia. Ukizoea miraba unahamia pembetatu, halafu pembesita, ambazo kona zake za nyuzi 120 hukutana tatu tatu na kuziba nafasi yote bila kuacha pengo.

Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely nao walionyesha mwaka 2012 kwamba mtu hukithamini zaidi kitu alichokiunda kwa mikono yake, mradi amekikamilisha. Sharti hilo la mwisho ni la kuzingatiwa sana. Anayeanza na mfarishi wa kitanda cha futi sita huishia kuukunja na kuuficha kabatini. Anayeanza na foronya ya mto anaimaliza, anailalia, na anarudi kwa fundi kuomba vipande vingine.

Hesabu ndipo mapenzi yanapokomaa. Chukua safu ya viraka 16. Kila kimoja kikipungua milimita 2, safu nzima inapungua milimita 32. Makosa yakiwa ya kubahatisha, hiki kimezidi na kile kimepungua, yanafutana kwa kiasi, na kwa kawaida safu hupotoka kwa milimita 8 hivi, yaani 2 mara mzizi wa mraba wa 16. Ndiyo maana mshonaji makini hukata kadi moja ya boksi gumu na kuchorea viraka vyote kwa hiyo hiyo. Hata kadi ikiwa ndogo kidogo, safu zote zitapungua sawasawa na kazi italala vizuri. Kinachoharibu ni kutumia kiraka cha kwanza kupimia cha pili, na cha pili kupimia cha tatu: kila mara unene wa mstari wa chaki unaongezeka, na cha mwisho hakifanani tena na cha kwanza.

Kitambaa chenyewe nacho kina tabia zake. Ukivuta kitenge kwa kufuata mtande au mshindio, kinakaza, kwa sababu unavuta nyuzi zenyewe. Ukikivuta kwa mshazari, nyuzi zinabadili pembe zilikopishana, na kipande kinarefuka. Upande mrefu wa pembetatu mara nyingi umekatwa mshazari. Kwa hiyo upige bandi kwanza usirefuke, na pasi uishushe na kuinyanyua bila kuiburuza.

Mkoa wa Morogoro unaifaa kazi hii. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Bondwa, katika Milima ya Uluguru iliyo juu ya mji, kinapita mita 2,100. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo huko juu kuna baridi ya karibu nyuzi 10 zaidi. Wakazi wa Mgeta na Nyandira, huko huko milimani, wanaijua baridi ya Julai. Kinachotia joto ndani ya mfarishi ni hewa iliyonaswa katikati ya matabaka, kwani hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Mishono ya juu huzuia kijazio kisikimbilie pembeni. Sufi inafaa sana: kila unyuzi wake ni mrija mtupu wenye nta kwa nje, uliojaa hewa na usiopenda maji. Pamba hunywa unyevu, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, hivyo mfarishi wa pamba ulionyeshewa na ukungu wa mlimani unahitaji jua kabla ya usiku.

Wala cherehani si lazima. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, jimboni Karnataka, wanawake wa jamii ya Siddi, wazao wa Waafrika ambao wengi wao walipelekwa India utumwani, hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiunga nguo kuukuu na kushona matabaka yote kwa pamoja. Kwenye kona huweka vitambaa vilivyokunjwa kama maua, na bila hayo kawandi haijakamilika. Mtindo huo unahitaji sindano, uzi na nguo za zamani, vitu ambavyo havikosekani katika kijiji chochote cha Uluguru.

Basi ukipita kwa fundi wako wiki hii, mwombe mabaki kabla hayajachomwa. Yafue kwanza, maana kitenge kipya hunywea na kinaweza kuchuja rangi. Kata miraba minne kwa kadi moja, uiunge, uipige pasi, na uimalize kabla ya kugusa wa tano.